Gotthold Mewes, Aliyekwenda Mwisho wa Foleni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Gotthold Mewes, mbeba makaa ya mawe wa mji wetu wa Lauenbach. Gotthold alifariki Jumanne, usingizini. Wengi wenu mlimwona kwenye televisheni enzi za serikali ya zamani, akiigiza Albin Roske, kiongozi wa wakomunisti. Mbeba makaa, narudia. Si mwigizaji.

Aliipataje nafasi ile? Masikio, basi. Roske alikuwa na masikio mapana, na Gotthold vilevile. Wakati wa baridi theluji ilitua juu ya masikio ya Gotthold, na shomoro wakatua juu ya theluji.

"Shomoro ni chumvi tu," anasema mjane wake, Bi Rosel. "Theluji ni kweli."

Filamu ile iligharamiwa na serikali. Hotuba ya Roske iliandikwa na kamati huko Berlin, na hata nukta ilikuwa haiguswi. Gotthold aliikariri akipanda ngazi za watu, gunia mgongoni. Lakini mbele ya kamera ulimi uligeuka jiwe. Mara zote, jiwe. Siku ya mwisho ikafika. Mwigizaji hasa kutoka Berlin alikuwa ameshaletwa, ameketi garini anakunywa chai, kofia ya pili ya Roske magotini. Gotthold akikwama tena, anavuliwa koti. Naye aliitaka nafasi ile kuliko chakula, maana marehemu baba yake aliwahi kumsikia Roske akihutubia, na hakuacha kulisimulia hilo hadi anaingia kaburini.

Basi uwanjani walijenga duka la tajiri wa zamani, dirisha limejaa machungwa. Wenyeji wa Lauenbach walivikwa matambara, waigize wafanyakazi wenye njaa. Kazi yao ilikuwa kulipita duka, ngumi juu, wasigeuze shingo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, machungwa! Sisi tuliyaona Krismasi kwa Krismasi. Wa kwanza aligeuza shingo. Wa pili alisimama. Kufumba na kufumbua foleni ilishapinda kona, na wapita njia wasiojua habari ya filamu wakajiunga, mifuko yao ya nyuzi mkononi.

"Tawanyikeni, ndugu!" mwongozaji aliita. "Ni plasta ile. Plasta na rangi!"

"Ndivyo wanavyosema kila mzigo ukiwa mdogo," alijibu Bi Lisbeth wa duka la vifungo vya nguo, asibanduke.

Gotthold alikuwa juu ya jukwaa, hotuba imempotea yote. Aliiona foleni, miguu ikafanya ilichozoea. Alishuka. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho, akamgusa bega Bi Lisbeth.

"Wanatoa nini, mama?"

Bi Lisbeth akamtazama kofia, koti, masikio. "Ndugu Roske, wewe kiongozi bwana. Nenda mbele."

"Nikienda mbele mimi, huku nyuma atasimama nani?"

Watu wakacheka. Mpiga picha hakuwa amezima kamera.

Kamati ilipoiona picha ile ilitaka ikatwe. Kiongozi hasimami foleni, walisema, tena watazamaji watadhani ni foleni ya leo. Gotthold aliketi nyuma ya ukumbi, kofia mkononi, anangoja hukumu. Mbele aliketi Bi Hedwig, mjane wa Roske, aliyealikwa apige makofi tu.

"Mkiikata hiyo," alisema Bi Hedwig, "futeni na jina la mume wangu. Miaka yote chakula chake kilipoa mezani, kwa sababu alikuwa wa mwisho kutoka kila mahali."

Haikukatwa. Mwigizaji wa Berlin alirudi na chai yake. Gotthold alirudi kwenye makaa, lakini tangu siku ile hakuweza tena kujichomeka kwenye foleni. Akisogea mbele kidogo dukani kwa mwokaji, sauti ilitoka: "Ndugu Roske, nyuma huko." Naye alirudi nyuma, anacheka.

"Mikate yetu ilikuwa ya jana," anasema binti yake, Annegret. "Baba alifika ikiwa imebaki hiyo."

Ijumaa tulimzika. Tulipanga mstari wa kutupa udongo kaburini, ukatoka getini, ukapita kituo cha basi. Annegret aliacha nafasi yake ya mbele akaenda kusimama mwisho. Mama mmoja mgeni, kapu mkononi, akasimama karibu naye.

"Wanatoa nini hapa?"

"Udongo, mama. Konzi moja kila mtu."

Mama yule aliutazama mstari wote. Akaweka kapu chini, akasimama nyuma ya Annegret.

Bi Rosel, Annegret, poleni sana. Msiba wenu ni wa mji mzima. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho mkiwa kwenye foleni, geukeni kidogo. Mtazameni aliye mwisho, mumsalimie.