Sindano ya Joy Isingoje Matanga

Philemon, zima hiyo redio, na wewe Jilo uliyetoka Hola ukaulizia chakula kabla ya kuniulizia mimi, weka simu chini, maana nikianza sitarudia. Kaeni upande huu wa kulia. Wa kushoto umenitangulia kufa, mkono wenyewe huo mnauona ulivyolala kama samaki wa jana, na mtu akikaa huko simwoni, nasikia pumzi zake tu. Lois mwanangu, nakuita mwanangu kwa sababu umenipikia na kunifua kuliko hawa niliowazaa, niinue kidogo, sukuma mto mgongoni, hapo, usinibane. Mjukuu wangu Joy akae hapo mlangoni, asitolewe nje, kwa kuwa maneno haya ni yake kuliko yenu. Na Nuria asiondoke. Mimi ndiye niliyemwomba atue madumu yake ya maziwa, aingie, akae. Na wewe Philemon, acha kumkunjia uso mama wa watu ndani ya nyumba yangu.

Mtu asiniambie nitapona. Haya maneno ya kumpaka mgonjwa mafuta mkamwambie mwenye homa. Moyo wangu umekuwa ukipiga ovyo miaka na miaka, unakimbia, unasita, unaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na daktari wa Malindi alinieleza vizuri nikamwelewa, ingawa shule mimi niliiona kwa nje nikipita na kuni. Alisema moyo ukipiga hivyo, damu inatuama kwenye pembe zake, na ikituama inaganda, kama maziwa yanavyoganda kwenye kibuyu, Nuria anajua. Kisha kipande kinachomoka, kinasafiri na damu mpaka kichwani, kinaziba njia. Ndiyo kiharusi hicho. Si jini, si upepo, si jicho la mtu. Akanipa vidonge vya presha, na vile vingine vya kuzuia damu isigande, ambavyo ukivila lazima damu yako ipimwe, kwa maana vikiwa vichache damu inaganda na vikizidi unatoka damu kwenye fizi kama mtu aliyepigwa. Na kipimo kiko Malindi. Mto ulipojaa na barabara kukatika, Malindi ikawa kama ng'ambo ya dunia. Vidonge vikaisha. Dawa huku unaipata mto ukipenda.

Nilikuwa nasonga sima. Mwiko ukaanguka. Niliuona ukianguka, nikauambia mkono uokote, mkono ukakataa. Nikamwita Lois, mdomo ukatoa sauti ambayo si yangu. Lois alitaka nipelekwe hospitali saa ileile, lakini nani alimsikiliza? Thoya jirani akasema ni upepo mbaya nifukiziwe, wengine wakaleta mapambio, mkaniimbia mpaka jua likaegemea, na mimi nimelala pale nasikia kila neno, siwezi kusema acheni kuimba, tafuteni mtumbwi. Nilipofikishwa, daktari akauliza ilianza lini, akaambiwa, akatikisa kichwa. Dawa yenyewe ina saa zake, na saa zangu ziliishia kwenye mapambio. Kwa hiyo shikeni hili, wakubwa na wadogo: mtu mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, msikae chini. Msali mkiwa njiani. Mungu anasikia hata kwenye mtumbwi.

Sasa daktari amesema kipande kingine kinaweza kutoka wakati wowote. Nikamuuliza wakati wowote ndiyo siku gani, akatazama ukutani.

Mali yangu mnaijua. Shamba la mtoni ni la Philemon, wazee watasema hivyo hata nikisema vinginevyo, basi nasema hivyo nisiwasumbue. Alilime haraka, kwa kuwa mto unalila kwa upande wa pili na wenyewe haulipandi. Mtumbwi ni wa Jilo. Najua Hola huna kazi nao, utauuza, uuze, lakini usiuze kwa mlevi. Kuku ni wa Lois na mtu asimhesabie. Kitanda hiki mkichome ama mkioshe, mimi sitakuwepo kuona. Kanga zangu mpya zilizo kwenye sanduku ni za Joy, na asizivae mama mwingine yeyote atakayekuja hapa kulia kwa sauti kubwa na macho makavu. Basi. Mali imekwisha. Mnaona ilivyo fupi? Sikuwaitia hiyo.

Nimewaitia huyo aliye mlangoni.

Habari za Joy mnazijua, ila mnazijua nusu nusu. Koo lilimuuma, nikampa maji ya chumvi na ndimu kama mama yangu alivyonipa mimi. Likapona. Kisha magoti yakavimba, leo hili, kesho lile, baba yake, Philemon huyu, akasema mtoto anakua. Mtoto alikua huku akilia usiku! Mpaka kifua kilipoanza kumpiga ndipo akapelekwa Malindi, wakampaka kitu baridi kifuani, wakamwonyesha mama yake, Lois, moyo wa mwanawe ukicheza kwenye kioo, na daktari akasema ugonjwa ulianzia kooni, ukapita magotini, ukaenda kukaa moyoni, na mlango mmoja wa moyo sasa haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Akasema dawa yake ni kulinda mlango huo usiumwe tena. Sindano kila mwezi, pale Garsen, bila kukosa, miaka mingi, pengine mpaka awe na watoto wake. Ni sindano ya dawa nzito kama uji, inachomwa takoni, mtoto anarudi akichechemea akinitukana kimoyomoyo, nilikuwa nikimwona. Lakini ilimsimamisha. Alibeba maji, alikimbia, aliwapiga watoto wa Thoya, nikafurahi.

Kisha babu yake akafa.

Mzee wangu alikuwa mtu wa watu na matanga yake yalikuwa ya watu. Walitoka kijiji cha Wema, walitoka Hola, masufuria yakaazimwa mpaka kanisani. Na wewe Philemon, kama mtoto wa kwanza, ulisimama uani ukatangaza kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayetoka mpaka matanga yaanuliwe, asije mtu akasema watoto wa marehemu wanatangatanga mjini na baba yao hajapoa kaburini. Ulisema vizuri. Wazee walikusifu, nilisikia. Siku ya sindano ikafika matanga yakiwa katikati. Mimi nilikuwa mkekani, nimefunikwa kanga, na mjane aliye mkekani haamrishi mtu, nikamnong'oneza Lois, Lois akakutazama wewe, na wewe ukasema, "Sindano si mazishi, itangoja." Ikangoja. Tulipoanua matanga mto ukapanda, barabara ya Garsen ikawa ziwa, ikangoja tena. Koo likarudi. Magoti yakarudi. Sasa maji yamepungua, sindano amerudia, lakini mtoto akipanda ukingo wa mto na ndoo tupu, tupu nasema, anakaa njiani kutafuta pumzi kama bibi kizee. Kama mimi.

Usilie, Philemon. Ukilia unanipotezea wakati, na sikusimulii ili ulie. Nasimulia kwa sababu daktari alisema ugonjwa ukirudi mara nyingine, mlango ule utaharibika kabisa, itabidi apasuliwe kifua huko Nairobi awekewe mlango wa chuma, na mwenye mlango wa chuma anakula vidonge hivi hivi vyangu maisha yake yote, na kupimwa damu huko huko Malindi, na barabara ni hii hii, na mto ni huu huu. Kipande kile kile kitakuwa kinamvizia yeye. Mimi nimekula chumvi nyingi, mwiko ukinianguka ni sawa. Yeye hata sima bado anaisonga ikiwa na madonge.

Sasa sikieni kinachoninyima usingizi. Kufa siogopi, nimewazika wengi, najua njia. Naogopa matanga yangu. Naogopa nitakufa wiki ya sindano. Siwezi kuchagua siku. Ningeweza ningekufa siku ya pili baada ya kuchomwa, mkae matanga mpaka mchoke, mle wali mpaka mvimbe. Lakini mwenye kuchagua si mimi, na nikikosea siku, huyu mtoto atafungiwa uani akinililia mimi huku moyo wake unaliwa. Nitakuwa nimemuua kwa kufa tu. Mtu amefikia wapi, hata kufa kwake kunahitaji ruhusa ya watu?

Kwa hiyo nasema mbele yenu wote. Siku ya sindano ikigongana na kilio changu, Joy aende. Kama jeneza liko uani, aende. Kama mnanishusha kaburini, mnishushe bila yeye, mchanga wake atautupa akirudi, ama asiutupe, sitamhesabia. Mtu akiuliza mjukuu yuko wapi, mwambieni bibi alimtuma.

Na kwa kuwa ninawajua, najua mtaitika hapa na nikifumba macho mtaanza kutazamana, Lois atamtazama mumewe, Jilo atatazama simu, nimemwomba Nuria. Yeye hafungwi na matanga yetu. Kila asubuhi anapita hapa na maziwa akienda Garsen, atapita na mtoto, atamrudisha. Amekubali. Nilipomwomba aliniambia, "Mama, nitamchukua kama wangu," basi, hakuuliza nitampa nini.

Nasikia Philemon unavyoguna. Ng'ombe wa mume wa Nuria waliingia shambani mwako mwaka wa ukame wakala mahindi, najua, mahindi yenyewe yalikuwa yamekauka, lakini sawa, yalikuwa yako. Tangu siku hiyo umeapa hutakunywa maziwa ya nyumba ile. Mwanangu, unafikiri hiyo chai yako ya kila asubuhi inatiwa maziwa ya nani? Ya paka? Lois, usiiname, nimeshasema, hatakupiga mbele ya mama yake anayekufa. Umeyanywa miaka yote hiyo, Philemon, na umenenepa. Nuria anacheka, mwacheni acheke.

Haya. Nijibu. Mbele ya ndugu yako na mke wako na mwanao, sema Joy ataenda na Nuria.

"Watu watasema nini, Mama?"

Mmesikia. Watasema, Philemon. Watasema wewe ni mtoto mbaya, watakula, watanawa mikono, watarudi kwao. Kisha mtabaki wewe na mwanao na pumzi zake usiku. Nijibu.

"Pumzika kwanza, Mama. Tutaona."

Tutaona. Ni neno la baba yako hilo. Kwa wanaume wa nyumba hii tutaona maana yake ni hapana iliyovaa shati la kanisani.

Na mimi nifanye nini? Fimbo sina, mguu sina. Shamba nikikunyima, wazee watakupa. Wengine hapa wananitazama wakingoja nikulaani, nimewaza hilo, nimelala nalo, lakini nikikulaani laana itamwangukia nani kama si huyo unayemlisha? Umekaa juu yake kama paa. Siwezi kukupiga nisimpige. Nimezunguka kote, nimekosa pa kukushika.

Maji. Kidogo. Upande huu, Lois, ule unamwaga.

Ulimi unaanza kuwa mzito, nitafupisha. Nizikeni karibu na mzee lakini si karibu sana, alikuwa anakoroma. Msinunue jeneza la kioo. Nuria mama, siku yake ikifika wewe njoo. Wakikufukuza, njoo tena. Lois, wewe... ukimtazama mumeo, mtazame. Kisha mpe mtoto viatu.

Joy, njoo. Hapa usoni pangu, nikuone. Una jasho, umekimbia? Umetoka mlangoni tu hapo, na unahema hivyo. Lete kichwa. Mungu akupe moyo unaofunga milango yake. Akupe uzee, hata ukiwa mbaya kama wangu. Nenda ukakae, usisimame.

Lois, inama. Ubarikiwe mikono. Jilo, lete kichwa, na simu weka mbali, sibariki simu. Urudi nyumbani mara moja moja. Nuria, Mungu wako na wangu wanajuana, wakulinde njiani.

Philemon nimekuweka mwisho. Nilisema nikuweke mwisho ili... mpaka useme. Nangoja. Hii ndiyo niliyobakiwa nayo, baraka, nilitaka niiuze kwa neno moja tu.

Unatazama miguu yako.

Pumzi inakuwa fupi. Siwezi kungoja, mwanangu. Wewe ndiye uliyenifungua tumbo, nitakuachaje hivyo, nimejaribu, nimeshindwa hata hilo. Haya, chukua bure. Njoo upande huu. Inama, Philemon. Zaidi. Mkono haufiki.