Kitambaa cha Balo

Kwenye taksi-basi iliyotoka Bunia kwenda Bambu, Josaphat alisikiliza abiria wawili wa mbele, wasiojuana.

“Ile balo ya kigeni, ile puto kubwa ya angani yenye ilianguka kwenu, kitambaa yake iko wapi?” mwanaume aliuliza mama alipotaja kijiji chake. “Wakubwa wanataka kuipima. Ilikuja kutupeleleza.”

“Siye tulizani ni bashi, turubai ya kujengea wakimbizi,” mama akajibu. “Tukaikata.”

“Mukafunika nyumba?”

“Hapana, papa. Wenye silaha walituulia watu, mashuka haikutosha. Tukawazika ndani yake.”

“Wakati wa amani hii?”

“Amani hii hii.”

Josaphat alidhani mtu aliyezaliwa na mwanamke angenyamaza hapo.

“Basi tutafukua,” mwanaume akasema.

Gari likasimama kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani. Askari wenye majembe wakampigia mwanaume saluti.

“Shuka, mama,” alisema kwa upole. “Utatuonyesha makaburi.”