Bi Hawise Aliyeingoja Siku ya Mtakatifu Luka

Bi Hawise wa Denholt, tunayemzika asubuhi hii, alizaliwa tarehe 13 Desemba 1281, mtoto pekee wa marehemu Bwana Fulk. Mimi ninayesoma ni mdogo wake kwa mama. Sauti ikitetemeka mnisamehe. Msimamizi wa bwana mkuu amesimama pale mlangoni.

Akiwa na miaka saba alipelekwa kwa watawa wa Elmsey, akajifunza zaburi, kudarizi na kubishana. Mwaka 1299 aliolewa na Bwana Ralf, aliyefariki mwaka 1310 baada ya kuangushwa na farasi. Tangu hapo aliiendesha Denholt mwenyewe, kondoo, kinu na kesi za wanakijiji, na wachumba aliwafukuza.

Walijaliwa mtoto mmoja, Amabel, siku ya Mtakatifu Luka, 18 Oktoba 1304. Siku hiyo kengele ya kanisa hili ilikuwa ikipandishwa, kamba ikakatika, kengele ikaanguka na kumvunja mguu Odo msaga unga. Bi Hawise, mtoto kifuani, alisikia mshindo akauliza, "Nani tena huyo anataka kunipokonya wageni wangu?" Odo anachechemea mpaka leo.

Agosti ya mwaka huu wa 1318 alishikwa na uvimbe wa tumbo. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa mapema. Sote tunaijua sheria: mrithi wa kike akifiwa na mzazi kabla hajatimiza miaka kumi na minne, bwana mkuu humchukua na kumwoza amtakaye. Kila asubuhi alimuuliza Edith, yaya wake, "Luka bado?"

"Bado siku tisa, bibi. Usijichoshe."

"Wewe hesabu siku. Kufa niachie mimi."

Alikuwa hali chakula tena, anakunywa maji ya shayiri kwa kijiko, na mimi nilikuwa nikihesabu kwa vidole kama mtoto. Luka ikafika. Alifariki tarehe 20 Oktoba, adhuhuri, mbele ya Edith na padre.

Sasa msimamizi anasema Amabel ana miaka kumi na mitatu. Kitabu cha padre cha ubatizo kiliungua, na mimi naogopa, sifichi.

Marehemu ameacha mdogo wake huyu, na binti, Amabel, mwenye miaka kumi na minne na siku nne. Odo, tafadhali simama. Na nyote mlioivuta ile kamba siku alipozaliwa, simameni, msimamizi awaone.

Lala salama, dada. Kuhesabu tuachie sisi.