Nicanor Osewe na Pikapu Iliyozimika Njiani

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Karungu, na nyinyi mliotoka Migori na Homa Bay mkafika hapa mmejaa vumbi hadi kwenye nyusi, karibuni, na poleni sana. Mimi ni Cate, mke wa marehemu Elkana, mdogo wake huyu tunayemzika leo, na familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu, yuora, Nicanor Osewe. Nimeambiwa nisome pole pole na nisilie, la kwanza nitajaribu.

Nicanor alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Karungu, kifungua mimba wa marehemu mzee Ogwang' na mama Benta, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akaingia sekondari, lakini baba yake alipofariki mwaka 1973 aliacha masomo akiwa kidato cha pili ili wadogo zake wale. Mwaka uliofuata alienda Migori kufunzwa kazi na fundi Nchagwa, Mkuria asiyecheka ovyo, aliyemwoshesha kabureta na plagi kwa muda mrefu kabla ya kumruhusu kushika spana, na mwaka 1982 akafungua gereji yake mwenyewe ya mabati, karibu na daraja. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Tusidanganyane hapa kwa sababu ni matanga, Nicanor alikuwa na maringo, akisikiliza injini gereji nzima ilinyamaza kama kanisani, na makanika wengine wote wa mji ule aliwaita wapiga nyundo.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Filister kule Asumbi, wakajaliwa watoto watatu, Maxwell, Millicent na Austine, na nyumba yao ilikuwa mlango wazi, ukipita tu unashikwa mkono unakalishwa, sahani iko mbele yako.

Sasa naomba mnivumilie, maana kuna jambo ambalo kwenye historia za watu huwa halisomwi, lakini mimi nisipolisema leo nitakuwa nimewasomea nusu mtu.

Mume wangu Elkana alifariki ghafla kule Mbita tarehe 9 Agosti 2004, akiwa kazini ufuoni, na mimi nikabaki na Terry wetu, yule anayewagawia maji pale, akiwa bado ananyonya. Nicanor alikataa gari la kukodi, akasema mdogo wake atamleta nyumbani yeye mwenyewe, kwa pikapu yake ya Datsun, basi tukaenda mochari Homa Bay, akajaza mafuta, tukapakia jeneza, mimi nikakaa kando yake na wazee, tukaondoka. Gari lilitembea vizuri likiwa baridi, injini ilipopata moto, kwenye mlima wa kuelekea Rodi, likakohoa, likazima. Tukangoja, likawaka, likatembea kidogo, likazima tena. Wengi wenu mnajua linalosemwa gari la maiti likizima, kwamba marehemu amekataa kwenda, ana neno, na wazee wakaanza kumbembeleza Elkana kwa jina, wakimwambia twende, mtoto wa mama, kwenu kunakungoja.

Tulipopita Ndhiwa likazima mara ya tatu, ndipo mzee Omanga, baba mdogo wa hawa ndugu wawili, akasema Elkana hawezi kuingia bomani na mtu aliyemuua. Niliambiwa nishuke, nisimame nyuma ya jeneza, niombe msamaha. Nilikuwa nimechoka, jamani, nimelia hadi sauti imeisha, nikasema Elkana, kama kuna mahali nimekukosea nisamehe, twende nyumbani. Ee! Nicanor akapiga stata, na gari likawaka palepale. Hakuna aliyenitazama usoni kutoka pale hadi Karungu.

Baada ya mazishi, hata nywele za msiba hatujanyolewa, ukoo uliamua kwamba nirudi kwetu Asumbi, Terry abaki, na ukishafukuzwa kwa jina la muuaji hakuna boma lingine litakalokufungulia. Filister peke yake ndiye aliyesimama akabishana na wanaume, na Nicanor, kaka mkubwa, alikaa kimya kabisa, akapanda pikapu yake akaenda zake Migori. Nilimchukia. Nilimwambia Filister kwamba mume wake ana mdomo wa spana tu.

Kumbe yule mtu alikuwa hajalala. Alilifungua gari lile lote, akabadilisha koili akidhani ni joto, likazima, akaosha kabureta, likazima, akafunga pampu ya mafuta kwa kitambaa kibichi ili ipoe, likazima vilevile, likingoja kwanza lipate moto, na kila lilipozima aliona uso wangu nyuma ya jeneza, hayo ni maneno yake mwenyewe. Halafu siku moja alimimina mafuta, mteja akamwita, akasahau kufunika mdomo wa tangi, na gari likanguruma mchana mzima, moto kama jiko, bila kuzima hata kidogo. Ndipo akakumbuka. Kule Homa Bay, akili yake ikiwa kwa mdogo wake, alikuwa ameacha kifuniko cha tangi pale alipojaza mafuta, na kwa kuogopa vumbi akaziba mdomo wa tangi kwa juala, mfuko wa plastiki wa dukani, akalikaza na ukanda wa tyubu hata hewa isipite. Gari likitembea linanyonya mafuta, tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ile, mafuta yanakataa kushuka, injini inakufa, ukingoja kidogo hewa inapenya kwa taabu, linawaka. Halikuwa joto, wala halikuwa Elkana. Ni juala, alilolifunga fundi Nicanor Osewe kwa mikono yake.

Wapendwa, angeweza kununua kifuniko akanyamaza, jina lake likabaki safi na mimi nikaenda. Lakini tarehe 28 Agosti 2004 alikuja hapa, akaita ukoo wote, akalifunga tena lile juala mbele ya macho yao, akawaomba wazee wapande pikapu, mimi nikaachwa hapa nyumbani, wakaenda kama wanaelekea Ndhiwa. Gari likapata moto, likazima. Nicanor akashuka, akamuuliza mzee Omanga kwa heshima zote, baba, leo tumekubeba wewe, sasa ni nani amekataa? Kisha akafungua tangi, wote wakasikia likivuta hewa kwa sauti, akapiga stata likawaka, wakarudi hapa bila kusimama. Akasema mbele ya watu, na mkewe na wanafunzi wake wa kazi wakisikia, kwamba aliyesimamisha safari ya Elkana ni yeye, na kama kuna mtu wa kufukuzwa basi waanze na yeye.

Mimi nilibaki. Mzee Omanga, ambaye yuko hapa mbele, baba nakuona, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu akaomba maji ya kunywa, na kwetu hiyo ni kuomba radhi, inatosha. Lakini Migori habari ilifika kabla ya pikapu, wale wapiga nyundo walicheka wakashika mbavu, wateja wengine wakahama, na hadi juzi watu wa daraja walimwita Juala, naye akiitwa aliitika. Mtu mwenye maringo kama yale! Nilimuuliza siku moja kama hakujuta, akaniambia niache maneno mengi nimletee samaki.

Mwaka 2016 alipatikana na kisukari, mwaka jana figo zikaanza kumsumbua, akalazwa Homa Bay mwezi wa Mei mwaka huu, na tarehe 2 Juni 2025, asubuhi, Millicent akiwa amemshika mkono, akapumua mara ya mwisho. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza wakivumilia ukaidi wake, majirani mliokesha nasi na kuleta kuni na maji bila kuombwa, waumini wenzake, na makanika wa Migori mliofunga gereji zenu zote leo mkaja, hata nyinyi mliomcheka, yeye alishawasamehe, mimi bado nafikiria.

Yuora, ile nyumba ya paa la kijani nyuma ya watu hawa bado ni yangu, na siku yangu ikifika nitalazwa hapa, kando ya Elkana, wala hakuna atakayeuliza huyu mwanamke ni wa wapi. Pumzika kwa amani ile ile uliyonipa mimi.