Breki ya Gurudumu la Nne

Benchi la mbao mbele ya gereji lilikuwa na watu wake wale wale: Kopi, muuza vipuri, aliyepewa jina hilo kwa kuapa kwamba kila alichonacho ni orijino, Honi, dereva mstaafu ambaye sauti yake ilifika kabla yake, na Fundi, ambaye asubuhi hiyo aliiacha kahawa yake ipoe. Ng'ambo ya barabara lilisimama gari-nyumba la Mwalimu, kuukuu, lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua. Mwalimu alikuwa anampeleka mkewe kwa daktari, upande wa pili wa mlima. Mgongo ulishamkatalia kukaa, lazima alale njia nzima. Pampu ya breki ya gurudumu moja ilikuwa imekufa. Fundi alisaka nyingine wiki mbili, akakosa. Jana yake akaziba bomba la breki la gurudumu lile, gari likabaki na breki tatu, akamwambia Mwalimu, "Mungu akipenda, limepona." Jina la Mungu aliligeuza kiraka, na mwenyewe alijua.

— Pampu ya gari la mikate inaingia mle, alisema Kopi. Unasaga kidogo tu pembeni.

— Wiki iliyopita ulisema ya gari la wagonjwa, akajibu Fundi. Nimesaga mpaka ikatoboka.

— Una mkono mzito.

— Msibishane, akadakia Honi. Pampu zile hazipo duniani. Kiwanda kilipofungwa walizitosa baharini, ili watu wanunue magari mapya. Kaniambia aliyebeba makasha.

— Bahari gani? akauliza Kopi.

— Bahari ni bahari, bwana.

— Basi hujui, akasema Kopi, akisogea karibu. Kule magari yale yalikotengenezwa hakuna mlima hata mmoja. Breki waliziweka kwa urembo.

Honi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Fundi hakucheka.

— Ndugu zangu, nimwambie?

— Umwambie nini? akauliza Kopi, akishusha sauti. Magari mangapi hapa yanatembea na breki tatu? Langu lina mbili.

— Lako halishuki mlima.

— Nyamaza, huyo anakuja.

Mwalimu alivuka barabara, ufunguo mkononi, shati limepigwa pasi kama anakwenda kusimamia mtihani.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Njema, Mwalimu.

— Mama yenu ameshajilaza, mito nimempangia. Nimekuja kuaga. Kuna mteremko mrefu kule. Nishuke na gia ya ngapi?

Honi, aliyeshuka milima miaka thelathini, alitazama ndani ya kikombe. Kopi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Fundi akasimama.

— Usishuke, Mwalimu. Gurudumu la nyuma kushoto halina breki. Nimeliziba jana, nikakudanganya.

Mwalimu aligeuka kulitazama gari. Pazia lilikuwa limevutwa kidogo, mkono wa mkewe ukiwapungia.

— Nenda ukamwambie wewe, alisema taratibu. Tangu jana anakuombea dua.

Fundi akafuta viganja kwenye ovaroli, ingawa havikuwa na grisi, akavuka barabara.