Nafasi Nne Katika Wimbo wa Tisa

Kampuni iliyotoa albamu ya mwisho ya marehemu imetangaza rasmi kwamba kazi hiyo ilikamilika, na kwamba wageni wote saba walioalikwa walifika na kushiriki. Familia imelipokea tamko hilo kwa heshima zote.

Marehemu, ambaye wengi walimjua kama Radi, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951, katika chumba cha nyuma cha duka ambako mama yake alishona sare za shule. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu: dada yao mkubwa, yeye, na mdogo wake wa kiume, aliyemwandama kila alikokwenda.

Alisoma shule ya msingi hadi 1965. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma, kisha mlangoni, mwishowe akamwambia, "Wewe mwanangu, imbia uwanjani. Tutakusikia." Walimsikia. Jina la Radi lilianzia hapo.

Alichomelea vyuma katika karakana ya mabasi kwa miaka minne, na mwaka 1972 akaanzisha bendi ya roki na mdogo wake: yeye sauti, mdogo harmonika. Mwaka 1983 walirekodi wimbo uliowapa umaarufu. Mdogo wake alipokwisha kuondoka studio, marehemu alimwagiza fundi mitambo aifute harmonika yote, kwa kuwa ilimbana sauti. Mdogo aligundua akiwa kwa kinyozi, redioni, kichwa kimenyolewa nusu. Akainuka, akaondoka vile vile. Hawakusemezana kwa miaka thelathini na tisa.

Tarehe 6 Juni 1981 alikuwa amefunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Nyumbani alizungumza kwa kunong'ona. Mkewe alikwenda kumwona jukwaani mara moja tu, akiwa na pamba masikioni.

Januari 2022 sauti ilianza kukwaruza. Daktari alipanga upasuaji wa koo tarehe 14 Machi, akasema wazi kwamba baada ya hapo sauti haitarudi. Zilibaki siku kumi na moja. Marehemu akakodi studio kurekodi bluzi, muziki ambao, alisema, unamfaa mtu mwenye makosa yake.

Wageni sita walifika mmoja mmoja. Kufikia siku ya tisa alikuwa akitema damu kwenye kitambaa kati ya beti, na hakuna aliyethubutu kukitazama. Katika wimbo wa tisa aliimba ubeti, akafunga mdomo, akahesabu mapigo kwa kidole, ndipo akaendelea. Mara nne.

"Mzee, hapa pako wazi," akasema fundi mitambo wa studio hiyo, kijana. "Nijaze na gitaa?"

"Usiguse. Hapo pana mwenyewe."

"Nani?"

"Mtu amenuna."

"Tangu lini?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Kila asubuhi dada yao alimpigia simu mdogo, ambaye sasa ni fundi wa majokofu.

"Kaka yako anakuita."

"Mwambie nina majokofu ya watu hapa, yanavuja."

"Zimebaki siku mbili, baba. Mbili!"

"Basi atafute mtu mwingine wa kumfuta."

Tarehe 13 Machi kiti kiliwekwa mbele ya maikrofoni ya pili tangu asubuhi hadi studio ilipofungwa. Marehemu hakuondoa macho mlangoni. Kesho yake akapasuliwa.

Aliishi miezi mingine saba, akizungumza kwa daftari. Swali lake la kila asubuhi lilikuwa neno moja: "Amekuja?" Kampuni ilipoomba ruhusa ya kujaza zile nafasi, aliandika ACHENI kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Akaagiza pia jina la mdogo wake lichapishwe kwenye jalada, na bila shaka huko ndiko kampuni ilikohesabia wageni wake. Alifariki tarehe 16 Oktoba 2022, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada yake na mdogo wake. Alale kwa utulivu, yeye ambaye hakuwahi kuimba kwa utulivu.

Wimbo wa tisa utapigwa kaburini. Kila harmonika ina ufunguo wake wa muziki, na mdogo wake amekuja na moja tu, inayolingana na wimbo huo, ingawa hakuna aliyemwambia ufunguo.

Mgeni wa saba alifika jana, saa sita mchana.