Mwalimu Sumari na Masale Yaliyochipua

Tarehe 30 Juni 1913 Mwalimu Sumari anapumzika kazi, baada ya miaka kumi ya kufundisha watoto wa shule yetu ya misheni hapa chini ya Mlima Meru. Nasema kufundisha, ingawa sisi wakata kuni tuliamini kwa muda mrefu kwamba anawapeleka kucheza.

Darasa lake ni msitu. Mtoto hufumba macho, akapapasa gome, akanusa jani, kisha akataja kama ni mringaringa au mtarakwa. Siku moja Mwalimu alifumba macho yeye mwenyewe ili awaonyeshe, akakumbatia shina lenye siafu. Alirudi shuleni amejifunga shuka, kanzu ameishika mkononi. Somo hilo hakuna mtoto aliyelisahau.

Lakini kosa lake kubwa ni la masale. Ili watoto wasipotee kwenye ukungu, alituagiza tukate vijiti vya sale, ule mmea wa majani marefu, akavichomeka kando ya njia. Sisi ni wageni kutoka Unyamwezi, tungejuaje? Yeye ni Mmeru, anajua kuwa sale ndiyo mpaka wa shamba, na anajua kuwa kijiti chake huota. Masika ilipokuja, mstari wa kijani ukakata malisho ya Mzee Kasaine katikati.

Mzee alikuja na fimbo. "Wewe Sumari! Wazungu wananipimia ardhi upande huu, na wewe unanipimia upande ule?"

Akaifunga njia ipitayo malishoni mwake, na wazazi wakawazuia watoto wasiende msituni. Mkuu wa misheni akasema wasipokubali, darasa hilo lifungwe.

Mwalimu hakubishana. Aling'oa masale yote pamoja na watoto, akabakiza jani moja, akalifunga fundo, akalipeleka kwa Mzee kuomba msamaha, kama ilivyo desturi ya huku. Mzee alilitazama sana, kisha akacheka.

"Mwalimu, umenikosea kwa sale, na msamaha unaniletea sale ile ile?"

Akalipokea. Njia ikafunguliwa, na mjukuu wake Soila akaletwa darasani. Leo Soila ndiye anayetangulia mbele ya wadogo, na darasa linaendelea.

Asante, Mwalimu, hata kwa kututembeza milimani na mizigo yako hadi magoti yakachoka. Nenda ukapumzike salama kwako, upate maziwa na usingizi. Na ukitaka kuweka alama shambani, tafadhali, chomeka mti mkavu.